Anayepokea Simu Neutgol

Mbele ya duka la Bang Mal-sun, pale barabara ya Muksan inapoacha lami na kuanza kupanda mlimani, kuna jukwaa la mbao la miguu minne, pana kama kitanda cha watu wanne, limepauka kwa jua hadi limekuwa rangi ya mfupa. Hapo ndipo mambo ya kata nzima yanapokatwa kabla hayajafika kwenye ofisi yoyote. Kahawa yake ni ya pakiti, maziwa na sukari vimo humohumo. Inamwagiwa maji ya moto ndani ya kikombe cha karatasi na kukorogwa kwa pakiti yenyewe iliyokunjwa. Mwaka ule, mwezi wa tano, wiki tatu kabla ya uchaguzi wa madiwani, wenye jukwaa walikuwa wawili: mzee Pyo, aliyetoka jeshini miaka thelathini nyuma na mpaka leo anaitwa Sajenti, na mzee Ok, fundi wa simu na televisheni, ambaye mkewe peke yake ndiye anayemwita kwa jina. Wengine wote humwita Antena. Wa tatu alikuwa wa msimu. Tak Se-in, binti wa miaka ishirini na sita, alikuwa na shahada ya siasa ya chuo kikuu cha mji mkuu na ameajiriwa kumpangia kampeni mgombea mmoja. Siku ya kwanza alipojitambulisha aliitaja ile shahada. Alikosea. Tangu siku hiyo akawa Digrii.

Mgombea wake alikuwa Seok Dae-gil, daktari wa ng'ombe, mtu mwenye mikono mikubwa na maneno machache, aliyekuwa anapambana na diwani aliyekikalia kiti miaka kumi na sita. Se-in alimwambia tangu mwanzo kwamba kubahatisha kumekwisha, sasa watauliza watu. Akachukua daftari la namba za simu za mezani la kata, maana wazee wa Muksan hawapokei simu za mkononi, akajifungia kwenye ofisi ya kampeni, iliyokuwa ya kinyozi zamani na bado ina vioo vyake ukutani. Siku nne alipiga simu akijiona mara tano kwenye vioo vile. Utamchagua nani? Unataka diwani afanye jambo gani kwanza? Akajaza fomu mia mbili na kitu.

Siku ya tano, alasiri, akaja jukwaani na karatasi zake, macho mekundu lakini uso umekunjuka.

— Haya Digrii, alisema Sajenti, tusomee nyota zetu. Nani anachukua?

— Bado, mzee. Tumekaribiana sana. Ila kuna sehemu moja imenishangaza. Nyumba saba, jibu moja. Wote saba wanataka barabara yao ifunguliwe, na wote watampa kura atakayeahidi kuifungua. Sijawahi kuona watu wameshikamana hivyo.

— Wapi huko?

— Neutgol.

Antena aliyekuwa anapuliza kahawa yake akaacha kupuliza.

— Neutgol ipi?

— Kwani ziko ngapi? Hii ya juu. Kwa akina Ma, kwa akina Do, kwa akina Yong...

— We binti, alisema Sajenti polepole, Neutgol haina mtu.

Se-in akacheka. Hakuna aliyecheka naye. Mama Duka, ndivyo walivyomwita Bang Mal-sun, alikuwa amesimama mlangoni na birika; akaliweka chini, akaingia ndani.

— Miaka sita sasa, Sajenti akaendelea. Mvua ya mwaka ule iliporomosha mlima, ikala barabara kama keki. Wazee wote waliwahi kuteremshwa kabla haijakatika, wakapelekwa nyumba ya wazee kule wilayani. Huko juu wamebaki nguruwe pori.

— Lakini wamepokea simu.

— Nani kapokea?

— Mama mmoja mzee. Kila nyumba. Alisema... Se-in akafunua karatasi, akasoma alichoandika kwa mkono wake. "Hapa ni kwa akina Ma. Mwenyewe hayupo, lakini sema."

— Kila nyumba hivyohivyo?

— Hivyohivyo. Nilidhani ndiyo adabu ya huku.

Sasa alikuwa anakumbuka jambo ambalo ofisini halikumsumbua. Kila simu ile sauti ilikuja ikihema zaidi kuliko ya kabla yake. Na nyuma ya sauti kila mara kulikuwa na saa ya ukutani, lakini kila nyumba saa yake, moja nzito, moja ya haraka, moja inayokwama kidogo kabla ya kupiga.

— Ni mchezo wa diwani, alisema Sajenti. Namjua. Kaweka mtu na mtambo kwenye pango, anapokea simu za mpinzani na kumlisha majibu ya uongo. Ninyi mtakimbilia barabara ya mlimani, yeye huku chini anazoa kura za mashamba.

— Acha kamba, Sajenti. Yule kuwasha redio tu anaita mjukuu.

— Basi siyo yeye. Basi ni wale wa upande wa pili wa mpaka. Sisi jeshini tulifundishwa: kijiji kitupu ndicho kijiji cha kwanza kutazama.

— Wapelelezi, alisema Antena, wavuke mpaka, wapande mlima, waje wapokee simu ya kwa akina Ma ili waombe barabara?

— Sasa sema wewe basi, fundi.

Antena akajikuna shingo.

— Kuna kitu kinatokea kwenye waya. Sauti ya mtu inaweza kukaa. Baridi kali inaibana, ukija msimu wa joto waya unalegea, inatoka. Mimi nimewahi kupanda nguzo, nikasikia watu wanaulizana bei ya mchele ya zamani kabisa.

— Na sauti ya zamani imjibu Digrii maswali ya mwaka huu?

— Nimesema inatokea. Sijasema hii ndiyo yenyewe.

— Mzee Antena, aliuliza Se-in, kama hakuna mtu, kwa nini simu zinaita? Si zingekuwa zimekatwa?

Hapo fundi akashusha macho. Alikorogakoroga kahawa isiyohitaji kukorogwa.

— Waliniomba, alisema. Wale saba. Siku waliyoteremshwa, kila mmoja kwa wakati wake alinivuta pembeni, mwenzake asisikie. Ok, usiikate simu yangu. Waya haupiti barabarani, unapita kwenye mgongo wa mlima, haukuguswa. Nikawauliza ya nini? Wakasema wanataka wawe wanapiga. Kule nyumba ya wazee mtu akikosa usingizi wa mchana, anapiga kwake, anasikiliza inavyoita. Anaijua simu yake iko pale kwenye kabati, karibu na dirisha. Inaita, yeye anaiona nyumba. Ndivyo walivyoniambia. Sikuona ubaya.

Ukungu ulikuwa unashuka toka mlimani kama unavyoshuka kila alasiri mwezi wa tano, ukafika kwenye ukuta wa kinu cha mpunga, ukasimama.

— Basi mimi najua ni nani, alisema Sajenti, na sauti yake haikuwa tena ya kijiweni. Ni Heo Bun-rye.

— Usianze.

— Wazee wa Neutgol walikuwa wanane, Antena. Walioteremka saba.

Akamgeukia Se-in.

— Siku ya kuteremsha watu yeye hakuonekana. Nyumba yake ilikuwa imeondoka na tope. Tulimtafuta siku tisa, na mimi ndiye niliyeongoza kikosi. Tuliita mpaka koo zikapasuka. Hatukupata hata kiatu. Mwaka jana miaka mitano ikatimia, mahakama ikatoa karatasi, mwanawe akaja kutoka Busan akafanya mazishi. Jeneza tupu, na mimi nililibeba. Pembe ya mbele kushoto. Jeneza tupu, mwanangu, na lilikuwa zito.

— Mzee...

— Anataka kupiga kura. Alikuwa mtu wa kura huyo, hakuwahi kukosa. Jina lake limefutwa, sasa anapiga kwa majina ya wengine.

— Piga simu, alisema Antena ghafla. Maneno ya nini? Simu ya duka ina kipaza sauti. Piga tusikie.

Sajenti hakutaka. Lakini alikuwa ameisema habari yake mbele ya watu, na mtu aliyeishi kwa cheo cha sajenti maisha yote hawezi kurudi nyuma mbele ya fundi wa televisheni. Wakaingia dukani. Mama Duka alikuwa nyuma ya kaunta, amewapa mgongo, anapanga makopo yaliyokwisha pangwa. Se-in akasoma namba ya kwa akina Ma, Sajenti akabonyeza kwa kidole kinene.

Ikaita. Mara tano. Mara nane. Mara ya kumi Sajenti akaanza kutabasamu.

Ikapokewa.

Kwanza pumzi, kisha saa nzito ya ukutani. Kisha sauti ya mama mzee, kavu, isiyo na haraka:

— Hapa ni kwa akina Ma. Mwenyewe hayupo, lakini sema.

Sajenti alikuwa ameshika ukingo wa kaunta kwa mikono miwili, na pumzi yake inatoka puani kwa mluzi kama ilivyotoka siku zote tangu alipovunjika pua jeshini.

— Pyo? ilisema simu. Ni wewe Pyo? Mbona unahema hivyo? Goti lako bado?

Sajenti alikata simu kwa ngumi. Akatoka nje, akaketi jukwaani, akavua kofia, akaivaa tena. Hakuongea mpaka jua lilipozama. Kwa Sajenti, hilo peke yake lilikuwa la kutangazwa redioni.

Kesho yake saa tatu asubuhi Se-in alipanda Neutgol. Alijiambia kwamba ni kazi. Chuoni aliandika tasnifu nzima, kurasa tisini, kuhusu mtu anayesema kwa niaba ya watu wasiokuwepo, anapata wapi haki hiyo. Hakuwahi kufikiri kwamba mtu huyo anaweza kuwa na pumzi na saa. Antena alikubali kumsindikiza, maana waya ni wake. Sajenti alisema ana goti.

Walipopita dukani, Mama Duka alimwita Se-in, akamtilia mkononi mfuko: chumvi kilo mbili, betri za saa, dawa ya kuchua.

— Za nani, mama?

— Peleka tu.

— Mama, unajua kuna nini huko?

— Mimi huwa naacha kwenye lile rundo la mawe, pale barabara ilipokatika. Nikirudi wiki inayofuata hakuna kitu, na pamewekwa mboga za mlimani zimefungwa kwa nyasi. Miaka sita. Sikuwahi kusubiri nione.

— Kwa nini hukusubiri?

— Nilikula chakula cha matanga yake, mwanangu. Ningeona nini?

Njia iliwachukua saa mbili. Ukungu ulikuwa mnene kiasi kwamba Antena alitangulia kwa kufuata waya juu ya kichwa, nguzo kwa nguzo, akizigonga kwa kiganja kama mtu anayesalimia ng'ombe wake. Ndege mmoja aliita upande wa kulia, akanyamaza, akaita upande wa kushoto. Kisha mapaa yakatokea, moja juu ya jingine, kwenye njia moja nyembamba.

Se-in alitegemea magofu. Hayo yasingemtisha. Kilichomsimamisha ni kwamba nyua zilikuwa zimefagiwa. Mitungi ya kuchachushia maharage iling'aa, imepanguswa umande. Madirisha ya karatasi yalikuwa yamezibwa viraka upya. Kwenye kizingiti cha kila mlango palikuwa na viatu vya ndani, jozi moja, vimeelekezwa ndani kama vile mwenyewe anakaribia kufika. Na kutoka kila nyumba zilisikika saa, hazikubaliani, kila moja inahesabu wakati wake.

— Antena, alinong'ona.

— Naona.

— Tuite?

— Aliitwa siku tisa, alisema Antena. Hebu tukae.

Wakakaa kwenye kibaraza cha kwa akina Ma. Hazikupita dakika nyingi simu ikaanza kuita, si hapo, nyumba ya nne kwenda juu. Wakasikia miguu. Hatua fupi, na fimbo, zikipanda njia bila kukimbia, kama mtu anayejua kwamba simu itamngoja. Ikapokewa. Sauti ileile, kwa mbali: hapa ni kwa akina Yong. Kisha mazungumzo marefu ya chinichini, na mara moja kicheko. Kisha hatua zikashuka, zikaja, na mwanamke mdogo wa umbo akatoka kwenye ukungu, nywele nyeupe zimefungwa kwa kitambaa, akawatazama mmoja mmoja.

— Ok umezeeka, alisema. Na huyu ndiye binti wa maswali?

Antena, aliyewahi kupanda nguzo wakati wa radi, aligusa mkono wa yule bibi kwa kidole kimoja. Kisha akaushika wote, akalia kama mtoto.

Bibi Heo aliwapa chai ya shayiri na viazi vya kuchoma. Alikuwa na miaka themanini na saba. Se-in alimuuliza ilikuwaje, na yeye akaeleza kama anaeleza alivyochelewa basi.

— Walisema tupande gari. Nikakumbuka jiko la kwa akina Ma linawaka. Nikarudi kulizima. Nilipotoka gari limeondoka na nyumba yangu imeondoka. Nikakaa msitu wa miti ya njugu mwitu.

— Lakini walikuita, bibi. Siku tisa.

— Niliwasikia. Pyo ana sauti mbaya. Kila siku nilisema, nitaitika kesho. Siku ya kumi hawakuita tena.

— Na simu?

— Majira ya baridi ya mwaka ule ikaita hapa. Simu inaita, mtu mzima unaiachaje? Nikapokea. Alikuwa Ma mwenyewe. Hakusema kitu muda mrefu. Kisha akaniuliza, Bun-rye, kuni zimeingizwa ndani? Nikamwambia zimeingizwa. Basi. Wenzake wakajua mmoja mmoja. Kila mtu ana saa yake ya kupiga. Yong anapenda nimsomee kalenda. Do hataki maongezi, anataka nifungue dirisha asikie maji.

— Na hawakumwambia mtu?

— Wangemwambia nani? Kwamba wanaongea na marehemu? Wangeongezewa dawa.

Se-in akatoa fomu zake.

— Yale majibu uliyonipa kwa simu, yalikuwa yako?

— Yangu? Yao. Nimewauliza miaka sita. Ma anataka azikwe nyuma ya nyumba hii, na gari la jeneza halipandi bila barabara. Do anataka alale usiku mmoja tu kwake. Yong hatembei tena. Wote ni barabara. Ukiwauliza wenyewe watakuambia hivyohivyo, nenda kawaulize.

— Na wewe bibi? Wewe ungejibu nini?

Bibi Heo akacheka bila sauti.

— Mimi niliyekufa?

— Wewe uliyekaa hapa.

Yule bibi akaangalia njia. Ukungu ulikuwa umeingia hadi uani na viatu vya kizingiti havikuonekana vizuri.

— Barabara ikija, gari linakuja. Gari likija, linanichukua. Wataniweka kwenye kitanda cha vyuma karibu na Ma, na hapo tutakuwa wanane tunaopiga simu, na hakuna wa kupokea. Mimi sitaki barabara. Lakini wao ni saba na mimi ni mmoja. Wewe si ndiye umesomea? Niambie, kitabu kinasemaje?

Se-in alikuwa na miaka minne ya majibu kichwani. Alitafuta moja.

— Kitabu kinasema saba ni wengi kuliko mmoja.

— Hilo hata kuku analijua. Hakuna kingine?

— Kuna kingine. Kinasema mmoja naye asikanyagwe.

— Kwa hiyo?

— Hakikufika mwisho, bibi.

— Basi andika walivyosema wao, alisema Bibi Heo, akainuka kwa fimbo, maana simu ilikuwa imeanza kuita nyumba ya pili. Andika barabara. Mimi usiniandike.

Mgombea Seok alipata habari kabla hawajaosha matope ya viatu; Antena hakuweza kumficha mkewe, na mkewe hakuweza kumficha mtu. Akamwita Se-in kwenye ile ofisi ya vioo.

— Marehemu kafufuka wiki tatu kabla ya uchaguzi, alisema. Picha moja tu, mimi na yeye. Mwenzangu atafungasha virago.

— Kisheria amekufa, daktari. Ukimpiga picha, siku hiyohiyo wataalamu watatu wa ustawi wa jamii watapanda kumchukua.

— Kwa faida yake.

— Ulimuuliza?

Seok akaitazama mikono yake mikubwa.

— Ukipeleka kamera, alisema Se-in, mimi naondoka leo, na fomu zangu zote.

Daktari wa ng'ombe alijitazama kwenye kioo, kisha kwenye kingine, kama anatafuta kati ya wale watano ni yupi atakayesema.

— Ng'ombe wangu mmoja akijificha azae, alisema mwishowe, mimi husubiri nje ya zizi. Sijui kwa nini nilisahau. Barabara hata hivyo naiahidi?

— Barabara iahidi. Hiyo ni ya wale saba.

Se-in alikwenda nyumba ya wazee, akawauliza wale saba mmoja mmoja, mlango umefungwa. Majibu yalikuwa yaleyale, neno kwa neno. Siku ya kura aliwakodia gari dogo wakashuka Muksan na nguo zao za sherehe, Yong amebebwa mgongoni, wakapiga kura wakitazama juu mlimani. Seok alishinda kwa tofauti ya kura tano.

Jukwaani mkataba wa kuitunza siri ya Bibi Heo ulifungwa bila mtu kuutamka. Sajenti, ambaye tangu ile simu alikuwa amepunguza makelele, alianza kupanda mwenyewe hadi rundo la mawe kila Jumanne, goti na yote, kupeleka chumvi. Alisema anafanya mazoezi. Mara moja alimwambia Se-in kwamba akiwa pale kwenye mawe huita jina la Bibi Heo, mara moja tu, na kutoka juu anaitikiwa.

— Unajisikiaje, mzee?

— Nywele zinasimama, alisema Sajenti. Kila Jumanne.

Pendekezo la barabara lilipita halmashauri mwezi wa saba. Se-in ndiye aliyeliandika, kurasa kumi na mbili, na diwani mpya alilisoma bila kukosea. Wiki mbili baadaye kijana mmoja mwenye kofia ya plastiki na kompyuta kwapani alishuka kwenye gari la wilaya mbele ya duka, akasalimia kwa kuinama, akaomba kama anaweza kuketi. Alikuwa mhandisi. Ukungu ulikuwa umeshuka mapema, umefika hadi kwenye kinu. Mama Duka akampa kahawa.

— Kazi nzuri, alisema mhandisi. Nimepita mpaka pale ilipokatika. Inawezekana. Kabla ya theluji tunaweza kuwa tumemaliza.

— Haya, haya, alisema Antena.

— Nimebakisha kisanduku kimoja tu kwenye fomu. Neutgol wanaishi watu wangapi?

Antena akanywa kahawa. Sajenti akanywa kahawa.

— Kwa nini wanataka kujua? aliuliza Se-in.

— Utaratibu tu, dada. Kama ni sifuri mradi unarudi, hawajengi barabara ya kwenda kusikokuwa na mtu. Na laini za simu zitaondolewa, maana nguzo zinaoza. Kuanzia mmoja, mradi unakwenda. Ila watu wa ustawi wa jamii watatangulia kupanda wiki hii, waone hali yake, kama anafaa kukaa mahali kama pale. Kwa hiyo ni wangapi?

Sajenti, aliyekuwa na jibu la kila kitu tangu bei ya mbolea hadi sababu ya kupatwa kwa mwezi, aliinama kufunga kamba ya kiatu. Antena alikuwa anaangalia waya unavyopotea kwenye ukungu. Mhandisi akatabasamu, akatazama kutoka uso hadi uso.

— Jamani, si swali gumu.

Mama Duka aliinua birika, akalitikisa. Lilikuwa tupu. Hakuingia ndani kuchemsha jingine.

— Dada, pendekezo si umeandika wewe? alisema mhandisi. Nisaidie. Namba moja tu.

Se-in aliwaona wale saba na nguo zao za sherehe. Aliwaona kwenye vitanda vya vyuma, kila mmoja na simu sikioni. Aliona mkono mkavu wenye fimbo ukimwambia mimi usiniandike, na akajua kwamba alikuwa ametii mara moja, kwenye karatasi, na kwamba safari hii hata kunyamaza kwake kungeandikwa kama namba.

— Nipe hadi kesho, alisema. Nipande kwanza nikamuulize.

Kalamu ya mhandisi ikasimama juu ya fomu.

— Ukamuulize nani?

Ukungu ulikuwa umepita kinu, umefika miguuni pa jukwaa, na toka juu, mbali sana, simu ilikuwa inaita.